Umelipa, una haki: maneno juu ya vitu vibovu na kontra mbaya

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, wamotari na wauzaji wa Butembo)

Kila mutu ameacha kazi yake ili kuja hapa, kwa hiyo sitazunguka. Tutaongea juu ya pesa unayotoa mufukoni, na kile wanakupatia kwa hiyo pesa.

Sisi watu wa Butembo tunajua biashara. Vitu vyetu vinatoka China, vinatoka Dubai, vinashukia Mombasa, vinavuka Uganda, vinaingilia Kasindi. Mutu wa mwisho ku hiyo njia yote ni wewe munyunuzi. Batri ikikufa kisha wiki mbili, pano ya jua ikishindwa kuwasha hata taa moja, hasara inakuangukia wewe. Ukirudi ku mangazini, wanakuonyesha karatasi ukutani: kitu kikishauzishwa hakirudishwe. Unainamisha kichwa, unarudia nyumbani.

Mimi nimesoma sheria ku iniversite. Kazi sina, diplome iko mu valizi. Lakini kile nilichosoma kinaweza kusaidia watu, na ndiyo sababu nimesimama hapa. Hiyo karatasi ya ukutani si sheria ya inchi.

Sheria inasema nini? Tuko na kanuni ya kiraia, kitabu cha tatu, dekre ya tarehe 30 Julai 1888. Ni ya zamani sana, ya wakati wa Leopold, lakini ingali inafanya kazi mpaka leo. Kuanzia kifungu cha 318, inasema muuzaji anapashwa kujibu juu ya ubovu uliofichama, ule unaofanya kitu kisiweze kufanya kazi yake, ao ule ambao kama ungeujua, haungenunua ao ungetoa bei kidogo. Hapo uko na njia mbili, na ni wewe unachagua: unarudisha kitu na unarudishiwa pesa yako, ao unabakia na kitu na unarudishiwa sehemu ya bei.

Muuzaji anaweza kusema: « Hata mie sikujua, nilikileta vile katoni ilikuwa. » Sawa, lakini sheria inasema kutokujua hakumutoshe mu deni. Atarudisha bei na gharama za ile biashara. Na kama alijua ubovu na akanyamaza, ataongeza kulipa hasara yote iliyokupata. Mama aliyenunua frigo ya kuuzishia samaki, samaki ikaoza, anaweza kuomba na ile samaki.

Tusidanganyane, kuna mipaka. Ubovu unaoonekana kwa macho, uliouona ukalipa, hautarudia kuulalamikia. Kama mulipatana kwamba hakuna garanti, muuzaji ambaye hakujua ubovu anaweza kujitetea na yale mapatano. Lakini aliyejua hawezi kujificha nyuma ya karatasi. Na tena sheria inataka ushitaki mu wakati mufupi. Ukikaa na simu bovu miezi minane mu sanduku, hakimu atakuuliza ulikuwa unangojea nini.

Kuna wale wanaopita mipaka: wanakuambia mafuta ni ya aina hii, kumbe ni ingine, wanakupatia kitu kinachofanana na kile mulipatana. Huo ni udanganyifu, na kanuni ya azabu, kifungu cha 99, inauweka kati ya makosa ya jinai: kifungo kinaweza kufika mwaka mumoja.

Sasa tuje ku kontra. Wamotari, hapa munisikilize muzuri.

Kijana anapewa moto, kila wiki analeta versement, kisha muda fulani moto inakuwa yake. Analipa miezi kumi na nne. Wiki moja anagonjwa malaria, hafikishe pesa. Mwenye moto anakuja asubui, anachukua moto, na yale malipo yote yanapotea. Kijana anarudia ku zero, na bibi na watoto wako wanamungojea.

Sheria inasema kontra ni sheria kwa wale walioifanya, hiyo ni kweli. Lakini inasema tena kontra inapashwa kufuatwa kwa nia njema, pande zote mbili. Na kama mumoja hakutimiza, kifungu cha 82 kinasema kuvunja kontra kunaombwa mbele ya hakimu, na hakimu anaweza kumupa muda yule aliyechelewa. Shida ni kwamba kontra nyingi zinaandikwa na mutu mumoja, na ndani anaweka neno kwamba ukikosa wiki moja, kila kitu kinaisha pale pale. Wewe unatia sinyatire juu ya njaa. Kwa hiyo kazi inaanza mbele ya kalamu. Uliza: nikigonjwa, itakuwa je? Moto ikiibiwa, itakuwa je? Yale nimeshalipa yatahesabiwa namna gani? Jibu liandikwe. Na kila mumoja abakie na kopi yake yenye sinyatire zote mbili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ni vilevile kwa nyumba. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha inasema garanti ya nyumba ya kuishi haiwezi kupita miezi mitatu. Anayekuomba miezi sita, umwambie kwa heshima: « Papa, sheria ni mitatu. » Anaweza kukatala, anaweza kutafuta mupangaji mwingine. Lakini tukiwa kumi tunasema vile, mia moja tunasema vile, atasikia.

Basi ukipata shida, ufanye nini?

Kwanza, omba fakture kila mara, yenye tarehe, bei, na jina la kitu. Hata kwa kitu cha dola kumi.
Pili, jaribisha kitu mbele ya kutoka. Kikiharibika, piga picha, usikipeleke kwa fundi kukifungua mbele muuzaji hajakiona.
Tatu, rudi mbio, na shahidi mumoja. Ongea polepole. Mimi niliuziwa ordinatere ya okazyo, ikazima siku ya tisa. Siku ya kumi nilikuwa mbele ya muuzaji na fakture na jirani yangu. Tulibishana, mwisho akarudisha nusu ya pesa. Bila ile fakture, ningepewa matusi tu.
Ine, akikatala, andika barua, ubakie na kopi yenye tarehe ya kupokelewa.
Tano, kuna tribinali ya amani. Iko kwa ajili ya mambo madogo ya watu kama sisi. Polisi si mahali pa kulipisha deni, na deni peke yake halimufungishe mutu.

Na hatutachoma mangazini ya mutu, wala kupiga mutu. Muuzaji naye mara nyingi amedanganywa huko alikonunua. Naye yuko na haki: tangu Septemba 2012 inchi yetu iko mu OHADA, na sheria zake zinasimamia biashara kati ya wafanyabiashara. Adai kwa yule aliyemuuzishia, asitupige sisi ile hasara.

Kwa wakubwa wa inchi tunasema hivi. OCC iko tangu 1974 kwa kuchunguza vitu vinavyoingia. Inalipisha ku mupaka. Basi ile pesa ionekane mu ubora wa vitu, si mu muhuri tu. Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya bei inataka bei ionyeshwe: pitieni mu mangazini muangalie. Na hizi sheria zote zimeandikwa kwa Kifaransa. Mama wa soko atadai namna gani haki ambayo hajawahi kuisikia mu luga yake? Muzitafsiri, muzibandike ku soko na ku parkingi ya wamotari.

Sisi hatutangojea. Kila mumoja aliyesikia leo, aelezee watu watatu. Na wale wenye kontra mufukoni, mubakie kidogo. Tutazisoma pamoja, mustari kwa mustari.