Kabla ya Kununua Gramafoni: Mazungumzo na Wananchi wa Mponde



Aliyerithi sanduku la santuri za Atomic Jazz au Jamhuri Jazz za Tanga amerithi mali, na si ajabu akatamani kuzisikia tena. Nimeombwa nieleze jinsi ya kununua vyombo vya kuzichezea pasipo kumaliza fedha za chai.

Wengi huanza kwa kutazama mashine. Afadhali kuanza kwa kutazama santuri zenyewe. Zile nzito, zivunjikazo kama kigae, huzunguka mara 78 kwa dakika. Ndizo za zama za Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928. Za plastiki, ndogo kwa kawaida huzunguka mara 45, na kubwa mara 33 na theluthi. Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana, nao wahitaji sindano yenye ncha nene takriban mara nne kuliko ya santuri za plastiki. Mashine ya bei nafuu iliyoandikwa kwamba inacheza miendo yote mitatu mara nyingi huja na sindano moja tu. Asiye na santuri za 78 asilipie mwendo huo.

Sindano ndiyo ya kugharimia. Iliyochakaa huuchonga mfereji, na santuri iliyochongwa haitengenezeki. Vumbi nalo husaga, na ukungu wetu wa milimani huotesha kuvu. Basi santuri zioshwe kwa maji safi na tone la sabuni, zikaushwe kivulini. Spiriti isiguse za 78, kwani zimetengenezwa kwa lakiri, nayo huyeyuka ndani ya spiriti. Vile visanduku vya rangi vyenye spika ndani hupendeza macho, lakini mkono wake aghalabu huilemea santuri kwa gramu tano hivi, ilhali mkono unaorekebishwa huweza kutosheka na gramu mbili. Muulizeni muuzaji: sindano mpya ya mashine hii yapatikana wapi, na kwa bei gani? Asipokuwa na jibu, mwachieni mashine yake.

Spika mpya si lazima. Sabufa iliyopo sebuleni yatosha kwa kuanzia, mradi mashine iwe na kikuza sauti chake ndani. Kichwa cha sumaku kinachoshika sindano hutoa milivolti chache tu. Kikiunganishwa moja kwa moja na sabufa, mtasikia mnong'ono usio na besi. Wala mashine isikae meza moja na sabufa, maana mtikisiko hupanda kwenye sindano ukarudi kama ngurumo.

Sasa mitumba, ambako fedha nyingi hupotea. Umeme wetu ni wa volti 230 na mapigo 50 kwa sekunde; wa Marekani ni volti 120 na mapigo 60. Muuzaji atawaambia transfoma yatosha. Transfoma hubadili volti, haibadili mapigo. Mota inayofuata mapigo hayo itapungua mwendo kwa sehemu moja ya sita, na mwimbaji atasikika kama anayesinzia. Bandikeni kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, kisha mhesabu kwa saa: katika mwendo wa 33, dakika moja ilete mizunguko 33 na kidogo. Mkulima hakubali majani yake yapimwe kwa mizani asiyoiona. Msikubali nanyi mashine isiyowashwa mbele yenu. Nendeni na santuri, ile msiyoipenda sana.

Risiti itaje aina ya mashine, volti, na miendo iliyoahidiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo, na yale maandishi ya "mali ikiuzwa hairudishwi" hayamwondolei mfanyabiashara wajibu huo. Akikataa kusikiliza, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, yakiambatana na risiti hiyo.