Antena Yenye Sikio: Hotuba ya Mgeni Rasmi Kwenye Ufunguzi wa Maonyesho ya Wanafunzi wa Mawasiliano ya Redio





Nilipokuwa fundi kijana, upepo wa usiku mmoja ulilisogeza dishi letu nyuzi 3. Kituo tulichokilenga kilikuwa umbali wa kilomita 20, na kwa umbali huo nyuzi 3 ni kupotoka zaidi ya kilomita 1. Kijiji kizima kilikosa intaneti hadi tulipopanda mnara na spana.

Antena niliyooneshwa leo hairekebishwi kwa spana. Ni ubao wenye vipande 8 vya shaba. Kompyuta hupima wimbi limegusa kipande kipi kwanza na kipi baadaye, kisha huchelewesha hapa na kuwahisha pale mpaka mawimbi yote yakutane kwa awamu moja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nami naongeza: hata viwili visipobana kwa pamoja, chawa hutoroka.

Vipande 8, kila kimoja kikirusha nguvu ileile, humfikishia mlengwa nguvu mara 64 ya kipande kimoja. Hata hivyo, masafa ya redio ni mali ya wote, na nguvu ya kurusha ina ukomo wake kisheria. Kwa hiyo thamani kubwa ya antena hii naiona katika kusikia. Inaweza kuziba sikio kwa pande 7 zenye kelele, na bado ikamsikia mmoja aliye mbali. Mhandisi Bernard Widrow na wenzake waliandika kuhusu antena zinazojirekebisha mwaka 1967; leo vijana wetu wanazitengeneza kwa mikono yao.

Wanangu, heshimuni kipimo. Wimbi la gigahezi 5.8 lina urefu wa takriban sentimita 5. Waya mmoja ukiwazidi wenzake kwa sentimita 1, nanyi msiusawazishe, kompyuta itakokotoa vizuri lakini wimbi la waya huo halitakutana na mengine kwa awamu moja.

Ombi langu ni moja: antena hii isiishie mezani. Ipandisheni mnarani, jua liipige, mvua iinyeshee, nanyi andikeni kila mnachopima, hata kisichowapendeza. Anayeingoja huko mwisho wa masafa ana sauti hafifu, na kazi yenu ni kumsikia.

Baada ya kusema hayo, natamka rasmi kwamba maonyesho haya yamefunguliwa.