Kazi ya kambini ni kazi



Wengi wetu tuliorudi kutoka Lugufu na Nyarugusu, tukiona tangazo la kazi hapa Baraka, tunasema: "Ile haiko yetu. Wenye walisoma huku njo wataipata." Tunaogopa Kifaransa, tunaficha miaka ya kambini.

Lakini kule tulifundisha programu ya Kongo, tulipima watoto uzito, tuliwatafsiria waganga Kibembe. Posho ilikuwa kidogo, kazi ilikuwa nzima.

Basi tuiandike kwenye CV: kazi gani, miaka mingapi, watu wangapi. Kifaransa tutajifunza. Nanyi wafadhili, mkiajiri, mtuulize tulifanya nini, msiishie kuuliza tulikuwa wapi.

Mwenye kuogopa kuandika peke yake, aje tuandike pamoja.