TUHESABU SIKU ZA KAZI
Hotuba ya karani wa mgodi kwa vijana waliotoka Chuo Kikuu, Makomeno



Mimi ni karani wa mgodi. Majina ya wanaoingia kazini hupita katika kalamu yangu, basi nitasema yale ninayoyaona.

Zamani Union Minière iliwaandika watu wake katika daftari lake yenyewe. Siisifu: Desemba 1941 wagomaji waliodai mshahara bora walipigwa risasi hapa mjini. Lakini kila mtu alimjua bwana wake. Leo kampuni nyingi za migodi huwaachia wakandarasi kutafuta watu. Kijana hufanya mtihani, hushinda (au hana haja ya kushinda, kama mjomba wake ni mkubwa!), na hapo haambiwi mshahara. Naye huona haya kuuliza.

Alikuja kijana mmoja mwenye diploma ya jiolojia. Mkandarasi akampa karatasi ya kazi ya siku kwa siku. Sheria ya Kazi ya 2002 yasema: mtu wa namna hiyo akiisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake wahesabiwa kuwa wa kudumu. Bwana mkubwa aliijua sheria hiyo kuliko kijana. Siku ya 21 aliniambia: "Karani, huyu apumzike kwanza." Miezi miwili ikapita, kijana akaitwa tena, tukaanza kuhesabu moja. Mara tatu nililiacha jina lake nje ya daftari, kwa maana nina watoto. Nasema haya mbele yenu kwa aibu.

Basi, kabla ya kutia sahihi, ulizeni: bwana wangu ni nani, mshahara ni kiasi gani, mkataba ni wa muda gani? Muda wa kujaribiwa lazima uandikwe, na kwa mwenye ujuzi haupiti miezi 6. Mkataba wenye mwisho haupiti miaka 2, nao hurudiwa mara moja tu. Tena sheria hiyohiyo yataka walio sawa kwa kazi, kwa ujuzi na kwa matokeo walipwe sawa, awe mwanamume au mwanamke, mzee au kijana, mwenyeji au mgeni.

Mwenye karatasi ya siku kwa siku asiondoke. Nimekuja na kalamu. Tutakaa hapa tuzihesabu siku zake, na zikiwa zimepita 22, kesho asubuhi nitakwenda naye kwa Mkaguzi wa Kazi.