Miaka Mitatu ya Fomu

(Mazungumzo na kamati za sharika, Nyakatuntu, wilaya ya Kyerwa)



Tumekuja kuungama kosa kabla hatujaomba fedha nyingine. Tulipoandika mradi wa majiko banifu tuliahidi kwamba katika miaka 3 kaya nyingi za hapa zitakuwa zimeacha mafiga. Kwa nini 3? Kwa sababu fomu ya maombi ilikuwa na nafasi za miaka 3. Hatukuuliza zaidi. Sasa wafadhili wanauliza, tena kwa haki, mbona mafiga bado yanawaka, na baadhi yenu mmeanza kusema jiko lenyewe halifai.

Tusiharakishe kuhukumu. Huko Iowa, Marekani, mahindi chotara yalianza kuwafikia wakulima mwaka 1928. Baadaye watafiti wawili, Ryan na Gross, waliwahoji wakulima 259. Katika miaka 5 ya mwanzo ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyekuwa ameyapanda. Kufikia 1941 walikuwa wamebaki wawili tu ambao hawajayapanda. Mfadhili ambaye angefunga mradi ule mwaka wa tatu angeandika kwamba umeshindwa.

Mfano wa karibu zaidi ni M-Pesa. Kenya ilianza Machi 2007, kwetu 2008. Baada ya miezi 14 Kenya ilikuwa na wateja karibu milioni 2.7, sisi kama 280,000. Huduma ni ile ile. Lakini kule mtandao mmoja ulikuwa umeshika wateja wengi, na watu wa mjini walikuwa na mazoea ya kutuma fedha kijijini. Kwetu wateja waligawanyika katika mitandao kadhaa, na mawakala walikuwa wachache. Hata hivyo, kufikia 2013 karibu nusu ya watu wazima wa Tanzania walikuwa wanatumia fedha za simu. Aliyepima Tanzania kwa kipimo cha Kenya alikosea, na aliyekata tamaa 2009 alikosea pia.

Basi, makadirio ya Nyakatuntu yaanzie Nyakatuntu, jikoni na mfukoni. Sufuria ya ndizi na maharage ni kubwa, na mdomo wa jiko letu ni mdogo. Hilo akina mama walituambia mapema, tukachelewa kusikia. Anayevuta moshi ni mama, lakini fedha za kahawa mara nyingi hushikwa na baba, na huja kwa msimu. Hapo ndipo hesabu yetu ilipoanguka. Miaka 3 ni misimu 3 tu ya kuamua kununua, na wa kwanza ulipita tukiwa kwenye semina. Anayetaka kuona kwanza kwa jirani hununua msimu wa pili, na anayemtazama huyo, wa tatu.

Wengine wanasema tugawe bure. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, kukata ua dume kwa kijiti chenye panda hakukuhitaji fedha, ila jasho. Bado wengi walichelewa. Faida yake ni ugonjwa ambao haukuja, na nani humwita jirani aje kutazama shamba ambalo halikuugua? Jiko lina nafuu: mzigo wa kuni unaopungua huonekana.

Tunawaomba wafadhili miaka 6, fedha kidogo mwanzoni, na tathmini kila baada ya msimu wa kahawa. Kinachohesabiwa kiwe majiko yanayopikiwa na yaliyotengenezwa na mafundi wa hapa. Yaliyogawiwa tu hayatuambii kitu.

Nanyi wajumbe, kikao kijacho mlete hesabu ya kila mtaa: nyumba ngapi zinapikia jiko leo, ngapi zimerudi kwenye mafiga, na ngapi zimelifanya kiota cha kuku. Hizo za kuku msizifiche. Nafasi ya idadi kwenye fomu mpya tumeiacha wazi hadi mtakapoleta.