Sungura Mzee Anapopumua kwa Shida

   Kama unachambua mboga, endelea tu. Nipe masikio yako, mikono ifanye kazi yake.

Leo tunaye mgonjwa mwenye masikio marefu. Ni sungura. Si yule wa kuuzwa sokoni wala wa kitoweo, bali yule ambaye mtoto wako alimlea tangu akiwa mdogo, akampa jina, na sasa hakuna mtu nyumbani anayethubutu kutaja kisu mbele yake.

Mama mmoja alinisimulia kisa chake. Sungura wa binti yake alikuwa amefikisha miaka 7. Baridi ya Julai ilipozidi, walimwonea huruma wakamhamishia jikoni, karibu na mafiga, apate joto. Haikupita siku nyingi akaanza kupiga chafya. Kisha mbavu zake zikawa zinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Binti akalia, hataki kwenda shule. Mama akafungua kabati, akaona chupa ya dawa iliyobaki wakati mtoto wake mchanga alipougua kifua. Akajiuliza, "Nimpe kijiko kimoja?" Kwa bahati nzuri aliuliza kwanza kabla ya kumpa. Nitakueleza kwa nini nasema ni bahati.

Kwanza, tujue mzee wetu ni mzee wa namna gani. Sungura anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 8 hadi 12. Akipita miaka 6 ameingia uzeeni. Hupunguza kurukaruka, hulala zaidi, na hachelewi kuugua. Kifua chake ni kidogo, na yeye hupumua kwa pua, si kwa mdomo. Ndiyo maana pua ikiziba, sungura hupata taabu kubwa. Na ukimwona amefungua mdomo ili apate hewa, usingoje kesho. Hiyo ni hatari kubwa.

Je, ni nini kinachomfanya apumue kwa shida? Sababu ni nyingi. Kuna viini vinavyoleta mafua ya sungura: hupiga chafya, hutokwa na kamasi nyeupe, na manyoya ya ndani ya miguu ya mbele hugandamana kwa sababu anajipangusa pua. Viini hivyo vinaweza kushuka hadi kwenye mapafu. Kuna mizizi ya meno ya sungura mzee, ambayo inaweza kukua vibaya ikaziba njia ya machozi na ya pua. Kuna ugonjwa wa moyo. Kwa sungura jike mzee, kuna saratani ya mji wa mimba, ambayo huweza kuenea hadi kwenye mapafu. Wewe na mimi hatuwezi kujua ni ipi kwa kumtazama tu. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Lakini kuna jambo moja ambalo liko mikononi mwako leo hii, bila kulipa hata shilingi. Jambo hilo ni hewa.

Inama hadi pua yako ifike pale ilipo pua ya sungura wako. Vuta pumzi. Ukisikia harufu kali ya mkojo inayochoma pua, basi yeye anaivuta hewa hiyo usiku na mchana. Mvuke wa mkojo huo huunguza njia ya hewa na kufungulia viini mlango. Ukisikia moshi, ni hivyo hivyo. Vumbi la maranda na la nyasi zilizoota ukungu nalo humdhuru.

Kwa hivyo, mama, mtoe sungura jikoni. Mweke mahali penye kivuli, pasipo na mvua, na hewa ipite. Kibanda chake kiwe na wavu pande mbili, na upande unaovuma upepo uzibe kwa gunia usiku wa baridi. Usizibe pande zote. Mtandikie nyasi kavu safi kwa wingi, hizo ndizo blanketi lake. Kila asubuhi toa nyasi zilizolowa. Kama nyasi zina vumbi, zikung'ute mbali na kibanda kabla ya kumwekea. Msimu wa jua kali nao una hatari zake. Joto likikaribia digrii 30, sungura huanza kuteseka, na mzee huteseka zaidi. Mpe kivuli na maji baridi.

Kwa kuwa amezeeka, usimlazimishe kupanda. Mweke chini, chombo cha maji kiwe kifupi na kizito ili asikipindue. Chakula chake kikuu kiwe nyasi. Sukuma wiki mpe kidogo tu, maana ikizidi humjaza tumbo. Na mtoto afundishwe kumshika: asimwinue kwa masikio, asimlaze chali, asimbane kifua. Anayepumua kwa shida akikabwa kwa mapenzi atakosa hewa kabisa.

Kama ana wenzake, mtenge. Mafua haya huenda kwa chafya na kwa chombo cha maji wanachotumia pamoja. Mweke mahali anapoweza kuwaona na kuwasikia, asijione ametupwa.

Sasa jifunze kuhesabu pumzi zake. Subiri hadi awe ametulia kivulini. Tazama ubavu wake. Ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima, ukitumia saa au simu. Sungura mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 30 na 60 kwa dakika. Andika hesabu hiyo kwenye daftari, kila siku wakati ule ule. Ikiendelea kupanda, mpeleke kwa daktari wa mifugo, au muulize afisa wa mifugo wa wadi yako akuelekeze. Mpeleke siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya: amefungua mdomo, amenyoosha shingo na kuinua kichwa akitafuta hewa, midomo imekuwa ya rangi ya samawati, au amekaa saa 12 bila kula. Tumbo la sungura halifai kukaa tupu, likisimama linaweza kumuua kabla ya kifua.

Na ile chupa ya dawa iliyo kabatini? Iache huko. Dawa kama penisilini na amoksilini, ambazo humponya mtoto, zikipitia mdomoni mwa sungura huua viini vyema vilivyo tumboni mwake. Huharisha na anaweza kufa. Mama yule alikuwa karibu kumuua mgonjwa wake kwa kijiko kimoja. Pia usimpake mafuta ya kifua yenye harufu kali, usimfukize kwa maji moto, na usimsukumie chakula mdomoni wakati anahangaika kutafuta hewa. Kinaweza kuingia mapafuni.

Labda unasema, "Mtangazaji, hiki ni kipindi cha afya ya watoto, mbona sungura?" Ngoja nimalizie kisa cha yule mama.

Alipomtoa sungura jikoni, binti yake alimuuliza swali. "Mama, kama moshi unamuumiza sungura, mbona mtoto analala jikoni?" Mama hakuwa na jibu. Mtoto wake wa miezi 8 alikuwa akilazwa kwenye kikapu kando ya mafiga kila jioni, kwa huruma ile ile, ili apate joto. Na alikuwa akikohoa.

Mpendwa mama, moshi hauchagui pua. Kulingana na Shirika la Afya Duniani, moshi wa nyumbani hufanya hatari ya mtoto kupata nimonia iwe karibu mara mbili. Jikoni pakifunguliwa dirisha, kuni zikiwa kavu, na mtoto akiwekwa chumba kingine wakati wa kupika, tayari umempunguzia mzigo. Jiko la makaa lisilale ndani ya chumba mnacholala, hata kama halitoi moshi. Hewa yake haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Na ile hesabu ya pumzi, tumia macho yale yale kwa mtoto. Akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, inua nguo yake utazame kifua na tumbo. Hesabu dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, ni hatari. Wa miezi 2 hadi kabla ya miezi 12, ni mara 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni mara 40 au zaidi. Ukifikia hesabu hiyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au amepatwa na degedege, au amelegea haamki, usikae kuhesabu. Mbebe uende. Hakikisha pia amemaliza chanjo zake. Chanjo inayokinga aina moja kubwa ya nimonia ilianza kutolewa humu nchini mwaka 2011.

Yule mama alienda kituo cha afya kesho yake asubuhi. Mtoto alihesabiwa pumzi mara 54. Alitibiwa mapema, akapona.

Na sungura? Aliishi miezi michache zaidi, nje, kwenye hewa safi, akipewa dawa ya daktari wa mifugo. Kisha uzee ukamshinda. Nataka ujiandae kwa siku hiyo pia. Usimdanganye mtoto kwamba sungura ametoroka. Mwambie ukweli kwa maneno machache: alikuwa mzee, mwili umechoka, na ulimtunza vizuri. Mwache alie. Sungura aliyekufa kwa ugonjwa, au aliyekuwa akimeza dawa, asiingie sufuriani wala asipewe mbwa. Chimbeni shimo refu mumzike, mtoto akiwepo kama anataka. Kisha nyote mnawe mikono kwa sabuni.

Kabla hatujaagana, turudie kwa ufupi:

Mtoe sungura mzee kwenye moshi, vumbi na harufu ya mkojo.
Hesabu pumzi zake kila siku, ukaandike.
Usimpe dawa ya binadamu.
Akifungua mdomo kutafuta hewa, au akikataa kula, mtafute daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.
Nawa mikono kila unapomaliza kumhudumia, hasa kabla ya kumshika mtoto mchanga.
Na mahali ambapo hutamlaza sungura, usimlaze mtoto.

Jioni ya leo, kabla ya kuwasha moto, inama hadi pale anapolala mtoto wako. Vuta pumzi. Halafu uamue.