Makaburi ya Viongozi Katika Ardhi ya Dhahabu



Tarehe 26 Machi 2021 Taifa lilimzika Rais wa Awamu ya Tano, Ndugu John Pombe Magufuli, nyumbani kwake Chato, mkoani Geita. Wapo waliouliza, na swali lao halikuwa la utovu wa adabu, kwa nini Rais asizikwe Dodoma, makao makuu ya Serikali. Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na viongozi wenzake. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akarudishwa Butiama. Ndugu Mkapa alirudishwa Lupaso mwaka 2020. Mzee Mwinyi, aliyefariki mwaka 2024, amelala Mangapwani, Unguja. Mzee Karume pekee ndiye aliyezikwa Kisiwandui, penye makao makuu ya chama chake, hapo hapo alipouawa mwaka 1972. Wenzetu wa Kenya walimweka Mzee Kenyatta kando ya Bunge, Nairobi, mwaka 1978. Huku Bara, kiongozi hurudi kwao.

Hata hivyo, mazungumzo haya hayakukusudiwa kuwahusu wakubwa hao. Makaburi yao yanajulikana hata na mtoto wa darasa la tatu, na mwaka 2006 Bunge lilitunga sheria maalumu ya mazishi ya viongozi wa kitaifa. Yanayostahili kuzungumzwa ni makaburi ya wale ambao sheria hiyo haikuwakusudia: mwenyekiti wa tawi, diwani, katibu wa chama cha ushirika cha pamba, mzee wa baraza. Hao nao walikuwa wanasiasa, ijapokuwa wengi wao wasingelipenda kuitwa hivyo.

Desturi ya Usukumani na ya majirani zake ni kumzika mtu katika mji wake. Mwanasiasa naye hafanyiwi tofauti. Ndugu Elias Kwandikwa alikuwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa alipofariki Agosti 2021, lakini mazishi yake yalifanyika Ushetu, wilayani Kahama, jimboni kwake. Kwa watu wa vijijini jambo hilo lina maana kubwa. Kiongozi anayezikwa kwao amekubali kupimwa na majirani zake mpaka mwisho, nao hujua kama aliwahi kuhudhuria misiba yao au alionekana wakati wa kura tu. Tena kaburi ni hati. Penye mgogoro wa shamba wazee hawaanzi na karatasi; huanza kwa kuonyesha babu alipolala.

Zamani makaburi ya watemi yalikuwa na watu wa kuyatunza, kwa kuwa yalikuwa mahali pa matambiko. Mamlaka ya watemi yalifutwa kisheria mwaka 1963, na utunzaji ule ukabaki mikononi mwa koo zao. Hakuna aliyeulizwa wakati ule nani atayatunza makaburi ya viongozi wapya.

Na viongozi wapya hao hawakuwa watu wadogo. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni ilizuia matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa. Katika miaka hiyo kazi ya siasa ilifanywa na watu wa vijijini kwa njia ya ushirika wa pamba na vikao vya nyumbani. Mwaka 1958, wakoloni walipoilazimisha Geita kuwa na baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, wananchi walikataa. Waliandamana hadi Mwanza, wakapiga kambi huko, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Mpango ule haukudumu. Vitabu vya historia vimelihifadhi tukio hilo, na majina machache makubwa yanatajwa pamoja nalo. Lakini umati hauandamani bila kuongozwa, na kila kijiji kilikuwa na mtu wake aliyepita usiku nyumba kwa nyumba. Watu hao wamekwisha kufa karibu wote. Wamelala katika mashamba ya mihogo na mahindi, wengine chini ya rundo la mawe tu, bila jina.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 na miaka iliyofuata. Watu walihamia vijijini, makaburi hayakuhama. Yalibaki katika mahame, au matongo kama wasemavyo Wasukuma, na aghalabu kinachoonyesha kwamba palikuwa na mji ni ua wa minyaa uliogeuka kichaka. Uzuri wa shabaha ya vijiji hauondoi ukweli huu: siku moja ya kuhama ilitenga familia nyingi na wafu wao, na hapakuwa na karani aliyepewa kazi ya kuandika nani ameachwa wapi.

Mipaka nayo imebadilika. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa mitatu: Bukombe na Mbogwe kutoka Shinyanga, Geita na Nyang'hwale kutoka Mwanza, na Chato kutoka Kagera. Mwaka huo huo Shinyanga ilimegwa tena kupata Simiyu. Jalada la kiongozi aliyekufa mwaka 1980 huenda likawa katika ofisi ya mkoa ambao kaburi lake halimo tena. Mwenye kutafuta habari zake hutumwa huku na huku hata akachoka.

Hayo yote yangevumilika kama ardhi hii isingekuwa na dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009, na wachimbaji wadogo wamekuwapo kabla na baada ya hapo. Palipo na mwamba wenye dhahabu, shamba la mihogo linaweza kuwa shimo katika muda mfupi sana.

Ni kosa kudhani kwamba sheria hazipo. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inaruhusu makaburi kuhamishwa ardhi ikihitajika kwa manufaa ya umma, na fidia yake inahusu gharama za kuhamisha, za kuzika upya, na hata za matambiko. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamkataza mwenye leseni kufanya kazi yake katika ardhi iliyotengwa kwa maziko bila idhini ya maandishi ya Waziri anayehusika. Neno zito hapo ni "iliyotengwa". Nani alilitenga kaburi la mwenyekiti wa tawi lililo nyuma ya zizi? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo hulinda moja kwa moja yale yaliyokuwapo kabla ya mwaka 1863. Kaburi la mpigania uhuru litalindwa iwapo tu Waziri atalitangaza. Na Waziri hawezi kutangaza asichokijua.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwa mtendaji wa kijiji na kwa mwalimu. Kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi yake, hutenga malisho, misitu na maeneo ya huduma. Makaburi yaliyo mashambani na katika mahame yaingizwe katika ramani hiyo hiyo, kwa idhini ya koo zenyewe, maana zipo zisizotaka wageni wazuru wafu wao, na zina haki. Hapahitajiki mnara wala vigae vya kung'aa. Pesa za kujengea mnara zikipatikana zinunulie madawati.

Mwalimu wa historia anaweza kuwatuma wanafunzi wa darasa la sita kwa babu na bibi zao na maswali manne tu: huyu aliyelala hapa ni nani, aliongoza nini, alifariki mwaka gani, na nani anayemjua bado yu hai. Majibu yaandikwe katika daftari mbili, moja ibaki shuleni na nyingine ipelekwe ofisi ya kijiji. Ianze na vijiji ambavyo wapimaji wa leseni wamekwisha kuonekana, na swali la nne liulizwe kwanza. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa maandamano ya mwaka 1958 alizaliwa mwaka 1938.